Dondoo muhimu: Kumtunza mzee asiyejiweza nyumbani

Nyumba nyingi za Mwanza zimepanda juu ya mawe, Mabatini hadi Igogo, na mzee akishindwa kutembea mlima unakuwa mzito kwa wote.

1. Asiyeweza kujigeuza mgeuze kila baada ya saa 2, usiku pia.
2. Kagua visigino, nyonga na makalio. Ngozi ikibadilika rangi usiisugue, iondolee uzito.
3. Usimvute mikono kumwinua. Mfunge khanga imara kiunoni, ushike hapo.
4. Sato mchambulie miiba kwa vidole, penye mwanga. Alishwe ameketi, hata kama ni uji.
5. Tupa ndala zilizolika. Kwenye ngazi za mawe weka bomba la kushikia.
6. Bibi asikae jikoni penye moshi. Macho mekundu mara nyingi ni ya moshi wa kuni na samadi, si ya uchawi (vikongwe wameuawa Usukumani kwa ujinga huo). Mpeleke kliniki ya macho.
7. Ana miaka 60 au zaidi na hana uwezo? Ulizia kitambulisho cha matibabu ofisi ya mtaa.
8. Pokezaneni zamu, wajukuu wa kiume wakiwemo.