Dondoo muhimu: Phoenix bila gari

Wanaosema Phoenix, Arizona, haitembeleki bila gari wana hoja: mji umetawanyika jangwani, na mwaka 2023 joto lilipita nyuzi 43 kwa siku 31 mfululizo. Lakini mgeni hazunguki mji mzima. Ana sehemu zake tatu nne tu. Basi chagua reli kwanza, hoteli baadaye. Kutoka uwanja wa ndege wa Sky Harbor, Sky Train itakupeleka bure hadi 44th Street, udandie treni ya mjini: upande mmoja katikati ya mji, unapobadilisha kwenda makumbusho ya Heard, upande wa pili Tempe penye chuo kikuu, kisha Mesa. Hoteli ya bei chee iliyo mbali na reli, nafuu yake yote huishia kwenye teksi.

Jua nalo halina mjadala. Tembea asubuhi, chupa ya maji mkononi, na soma anwani vizuri: Street zenye namba ziko mashariki mwa Central Avenue, Avenue zenye namba magharibi. Ukichanganya 7th Street na 7th Avenue, umejiongezea kama kilomita moja na nusu juani. Grand Canyon? Hapo kodi gari, kwa safari hiyo tu.