Jina Moja, Buibui Wengi: Somo kwa Mnunuzi wa Tarantula

Fundi seremala wa Miono akikuuzia ubao wa mkongo, na mwenzake wa Bagamoyo akakuuzia ubao wa mbambakofi, huenda wote wawili wamekuuzia mti uleule. Madhara ni machache, kwa kuwa ubao umeuona, umeugusa na umeupima uzito kwa mkono wako. Madhara huanza pale mnunuzi anapokuwa na picha na jina tu, na hana njia nyingine ya kujua anachopewa. Somo hili linahusu bidhaa ya namna hiyo, ijapokuwa wengi wetu hatujazoea kuiita bidhaa: buibui wakubwa wenye manyoya, waitwao tarantula, ambao watu wa nchi nyingi huwafuga majumbani kama wengine wafugavyo paka au kasuku.

Msomaji wa Miono anaweza kuuliza jambo hili linamhusu nini. Linamhusu kwa njia mbili. Wapo Watanzania, hapa nchini na ughaibuni, wanaovutiwa na ufugaji huo na kununua kwa kuangalia matangazo ya simu. Pia baadhi ya buibui wanaotafutwa sana duniani wana asili ya Tanzania na Kenya, na kijana anayelima ufuta anaweza kuombwa na mgeni amchimbulie buibui ambaye yeye mwenyewe hamjui kwa jina hilo. Katika sheria zetu mnunuzi huitwa mlaji. Tunaomba neno hilo lisichukuliwe hapa kwa maana yake ya jikoni.

Hata jina lenyewe lilianza kwa kuhama. Tarantula wa kwanza alikuwa buibui wa mji wa Taranto, kusini mwa Italia, naye ni wa familia nyingine kabisa. Mabaharia na wasafiri wa Ulaya walipokutana na buibui wakubwa wa Amerika, waliwabandika jina walilokuwa nalo. Jina la Kiingereza la “mla ndege” nalo lina historia yake: lilitokana na mchoro wa Maria Sibylla Merian, uliochapishwa mwaka 1705, unaoonyesha buibui wa Suriname akimla ndege mdogo. Chakula cha kila siku cha buibui hawa ni wadudu, lakini mchoro ulikuwa mzuri na jina likabaki.

Buibui mmoja, majina mengi

Tuanze na wa kwetu. Mwaka 1897 mwanazuoni Mwingereza R. I. Pocock alimweleza buibui aliyempa jina la Pterinochilus murinus. Murinus ni neno la Kilatini lenye maana ya rangi ya panya. Anayependwa zaidi sokoni, hata hivyo, ana rangi ya chungwa iliyokolea, na wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani humwita kwa jina la Usambara. Mwenye rangi ya majani makavu, mwenye michirizi kama nyota mgongoni, huuzwa kwa jina la dhahabu ya Mombasa. Mweusi kidogo huitwa wa Kigoma. Zamani yule wa Mombasa aliwahi hata kupewa jina lake la kisayansi, Pterinochilus mamillatus, kabla wataalamu hawajathibitisha kwamba ni buibui yuleyule mmoja.

Mnunuzi aliyelipa bei tatu kwa majina matatu anaweza kudhani ana spishi tatu, kumbe ana moja yenye rangi tatu. Tena jina la mahali si hati ya asili. Wengi wa buibui hao wamezaliwa katika masanduku ya wafugaji wa nchi za baridi, kizazi baada ya kizazi. Neno Usambara katika tangazo hueleza rangi, nalo halithibitishi kwamba mnyama, au hata nyanya yake, aliwahi kuuona mlima huo.

Lililo zito zaidi ni tabia. Buibui huyu ana mbio, hana subira, na humwuma anayemsumbua. Maumivu yake ni makali na yanaweza kuambatana na kukakamaa kwa misuli. Jina lenye sifa za dhahabu na nyota halimwambii mnunuzi lolote kati ya hayo, nasi tunaona kwamba muuzaji anayemkabidhi mtoto wa shule mnyama wa namna hii bila kumwonya amekosa wajibu wake, hata kama jina alilolitaja linakubalika sokoni.

Jina moja, buibui wengi

Kosa la upande wa pili ni gumu zaidi kuligundua. Jina “goliathi” hutumika kwa buibui wakubwa kupita wote wa Amerika ya Kusini, ambao miguu yao ikinyooshwa hukaribia upana wa sahani ya wali. Kwa miaka mingi waliuzwa kama Theraphosa blondi. Mwaka 2010 ikabainishwa rasmi kwamba baadhi yao ni spishi nyingine, Theraphosa stirmi. Wafugaji walikuwa nao sandukuni wakati wote huo.

Mfano wa pili unatoka Mexico. Buibui mwenye magoti mekundu ndiye labda tarantula anayejulikana kuliko wote duniani. Ni mpole, na jike lake huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Vitabu na matangazo vilimwita Brachypelma smithi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wengi wa waliokuwa wakifugwa kwa jina hilo walikuwa Brachypelma hamorii, jirani yake wa pwani ya magharibi ya nchi hiyo. Fikiri basi hali ya mfugaji aliyenunua dume kwa muuzaji mmoja na jike kwa mwingine, wote kwa jina la “goti jekundu”, kwa nia ya kuwazalisha na kuuza vifaranga. Ikiwa wawili hao si wa spishi moja, anachouza ni machotara, na wanaonunua kwake watarithi tatizo wasiloliona.

Kwa upande wa Afrika, jina linalokusanya wengi ni “buibui nyani”. Ni jina la kundi zima, kama vile mtu aseme “samaki” mbele ya muuza nguru na muuza dagaa. Ndani yake yumo yule wa Usambara, ambaye husuka utando mwingi juu ya ardhi na vichakani. Yumo Eucratoscelus pachypus wa Tanzania, mwenye miguu minene ya nyuma. Yumo pia yule anayeitwa “nyani mfalme”, Pelinobius muticus wa Kenya na Tanzania, ambaye huchimba shimo refu na kukua polepole mno. Ukimweka huyu wa mwisho katika chombo chenye udongo wa kina cha vidole viwili, kwa kufuata maelekezo ya “buibui nyani” mwingine, umemnyima makazi. Kuna na tofauti nyingine: tarantula wengi wa Amerika hurusha vinyweleo vinavyowasha na kuumiza macho, ilhali wa Afrika hawana silaha hiyo, na wanategemea meno yao. Mtu aliyejifunza kumshika wa Mexico akadhani amejifunza kuwashika wote, atajua tofauti hiyo kwa maumivu.

Dai jina la kisayansi, tena kwa maandishi

Jina la kisayansi lina sehemu mbili: la kwanza ni la jenasi, la pili ni la spishi. Halisemi uongo kirahisi kama jina la sokoni, kwa sababu limefungwa kwa maelezo yaliyochapishwa. Nalo hubadilika. “Nyani mfalme” aliuzwa kwa miaka mingi kama Citharischius crawshayi, hadi mwaka 2010 ilipoonekana kwamba alikuwa amekwisha kupewa jina la Pelinobius muticus mwaka 1885. Ila mabadiliko hayo huandikwa: Jumba la Makumbusho la Bern, Uswisi, hutunza orodha ya buibui wote wa dunia katika intaneti, ambamo jina la zamani humwongoza msomaji hadi la sasa. Majina ya matangazo hayana daftari la namna hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuandikie jina la kisayansi kwenye risiti, pamoja na jinsia kama anaijua, na kama mnyama alizaliwa kifungoni au alikamatwa porini. Swali la jinsia si dogo: dume hufa mapema baada ya kukomaa, na bei ya jike na dume si moja. Muuzaji akijibu kwamba “wote ni walewale”, sisi tungeondoka.

Jina hubeba pia uzito wa sheria. Spishi zote za Brachypelma, na tangu mwaka 2019 zote za Poecilotheria kutoka India na Sri Lanka, zimo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uitwao CITES. Kuwavusha mpakani kunahitaji hati. Afisa wa forodha hatasoma jina la kupendeza lililo juu ya sanduku. Atauliza spishi, na aliye na jibu lisilo sahihi anaweza kumpoteza mnyama pamoja na fedha.

Unapoombwa kuchimba

Kwa wakazi wa Miono na vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Saadani, tunaongeza neno. Tuseme mgeni ametuma picha na kutaka “nyani mfalme” kumi. Kijana huchimbua mashimo thelathini, hupata buibui wa aina tatu, na mnunuzi hukataa wengi kwa kuwa “siye yeye”. Waliokataliwa ni majike yaliyochukua miaka kukomaa, na mashimo yao yamebomolewa. Kijana amepoteza siku tatu za palizi na hana wa kumdai, maana makubaliano yalikuwa juu ya jina ambalo kila upande ulilielewa kivyake.

Mwaka 2016 serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Yeyote anayeahidi soko la nje aonyeshe kibali kwanza, nawe ukipeleke kwa afisa wanyamapori wa halmashauri akihakiki kabla ya kuinua jembe.

Kwa upande wa mnunuzi, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ukiamini umeuziwa buibui asiye yule aliyetajwa, usimwachie porini wala usimrudishe kwa mkono mtupu. Hifadhi tangazo kama lilivyokuwa siku ya kununua, risiti, na picha za mnyama kutoka juu na ubavuni zikiwa na rula kando yake. Ngozi anayoivua anapokua pia ihifadhiwe ikiwa kavu ndani ya bahasha ya karatasi, kwa kuwa mtaalamu anaweza kuitumia kumtambua bila kumgusa buibui mwenyewe. Andika tarehe juu ya bahasha hiyo.