Kemikali za Kuzuia Moto: Mpya Si Lazima Iwe Salama

Msomaji, sponji ya kochi lako na plastiki ya televisheni yako huenda zimetiwa kemikali za kuzuia moto. Nia yake ni njema. Lakini nyingi ya kemikali hizo hutoka kidogo kidogo, huchanganyika na vumbi, na mtoto atambaaye sakafuni huzila kwa vidole vyake. Hatapata homa leo. Kinachohofiwa ni madhara ya polepole, hasa katika ukuaji wa ubongo.

Mwaka wa 1977 Marekani ilipiga marufuku nguo za kulalia za watoto zilizotiwa kemikali iitwayo trisi, kwa hofu ya saratani. Mahali pake ikaingia trisi yenye klorini. Mwaka uliofuata nayo ikashukiwa kuharibu jeni. Baadaye zilienea kemikali nyingine zenye bromini, ambazo Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya ni mwanachama wake, ulianza kuzipiga marufuku mwaka wa 2009. Zilipoondolewa, ile trisi ya klorini ikarudi kwenye sponji!

Je, kemikali mbadala hupimwaje kabla ya kumfikia mtoto? Njia mojawapo ni kutumia seli za wanyama, kama vile za neva za panya au za ini la kifaranga. Huwekwa katika visahani vyenye lishe, kisha hutiwa kemikali kwa vipimo vya chini hadi vya juu. Wataalamu hutazama: zinakufa? Zinaacha kuongezeka? Mwaka wa 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliona trisi ya klorini ikipunguza seli za panya zinazofanana na za neva na kuvuruga ukuaji wake.

Hata hivyo, seli kisahanini si mtu mzima mwenye ini na figo. Kipimo hiki ni chekecheke: hutenga kemikali za kutiliwa shaka zikapimwe zaidi. Kupita humo si cheti cha usalama.

Basi wewe wa Likoni, Kisauni au Changamwe, fanya haya:

1. Pangusa vumbi kwa kitambaa kibichi.
2. Watoto wanawe mikono kabla ya kula.
3. Sponji iliyochanika ivishwe kitambaa kipya. Isiwe kitu cha kuchezea.
4. Usichome nyaya, godoro wala televisheni mbovu uani. Moshi wake una sumu kali kuliko vumbi lenyewe.