Aliye Karibu Ndiye wa Kwanza: Huduma ya Dharura Nyumbani na Mtaani

Kabla daktari hajamwona majeruhi, kuna mtu ameshamshika. Mara nyingi ni jirani, dereva wa bodaboda, mama wa genge au kijana aliyekuwa akipita tu. Huyo ndiye mhudumu wa kwanza, awe amefundishwa au hajafundishwa. Magari ya wagonjwa hayatoshi katika sehemu nyingi za nchi zetu, na majeruhi wengi hufika hospitali kwa bajaji, teksi au gari la polisi. Kijitabu hiki ni cha huyo aliye karibu. Hakitakufanya uwe mganga. Kitakupa mpangilio: lipi lianze, lipi lifuate, na lipi liachwe kabisa, maana majeruhi wengi huumizwa mara ya pili na watu wenye nia njema.

Jilinde kwanza

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakakimbilia kuchota petroli kwa madumu, moto ukalipuka, na waliokufa wakazidi 100. Mwaka 2009 yalitokea hayohayo Sachangwan nchini Kenya, na mwaka 2010 Sange, mashariki mwa Kongo. Wengi wa marehemu hao hawakuwa abiria wa gari lolote. Wapo walioifuata ajali ilipo.

Kwa hiyo ukifika penye tukio, simama kwanza, uangalie. Je, kuna harufu ya mafuta? Waya wa umeme umeanguka? Magari bado yanapita kwa kasi? Mtu akinaswa na umeme ndani ya nyumba, zima swichi kuu kabla ya kumgusa. Waya wa nguzoni ukiwa chini, kaa mbali, wazuie na wengine, uwapigie shirika la umeme. Anayezama mtupie kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko. Usijitose, hata kama unajua kuogelea, kwa sababu anayezama humng'ang'ania mwokoaji na kumdidimiza.

La kutilia mkazo zaidi ni shimo la choo na kisima. Mmoja anashuka kufukua, anazimia kwa hewa chafu. Wa pili anashuka kumtoa, naye anabaki hukohuko. Wa tatu ni ndugu yao. Asishuke mtu. Waiteni zimamoto.

Tanzania namba ya polisi ni 112, zimamoto na uokoaji ni 114, na 115 ni ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kenya piga 999 au 112. Msalaba Mwekundu wa huko hupatikana kwa 1199. Ziandike nyuma ya mlango kwa kalamu ya wino mzito, mahali ambapo hata mtoto anaweza kuzisoma. Unapopiga, anza kutaja mahali ulipo, kisha kilichotokea na idadi ya walioumia. Usiwe wa kwanza kukata simu.

Damu inayobubujika

Mwili wa mtu mzima una takriban lita 5 za damu. Mshipa mkubwa ukikatika, dakika chache zinatosha kuua, ndiyo maana damu inayobubujika hushughulikiwa kabla ya mambo mengine. Vaa glovu au mfuko wa nailoni usiotoboka. Kunja kanga safi, iweke hasa pale damu inapotokea, kisha kandamiza kwa viganja viwili huku mikono imenyooka. Usichungulie kila mara kuona kama imeacha, maana kila ukifunua unabandua damu iliyoanza kuganda. Ikipenya, ongeza kitambaa juu na uzidishe nguvu.

Ikiwa ni mkono au mguu na damu haikubali kusimama, tumia ukanda mpana wa kitambaa, si kamba nyembamba. Ufunge juu ya jeraha, kiasi cha sentimita 5 hadi 7 kuelekea mwilini, lakini si juu ya kiungo kama goti au kiwiko. Pitisha kijiti kigumu, kizungushe mpaka damu ikome, ukifunge kisirudi. Itauma sana. Andika saa uliyofunga, na usilegeze mpaka hospitali. Kisu au nondo iliyochoma mwilini iache ilipo, ukandamize pembeni mwake. Majivu, chumvi, unga wa kahawa na udongo visikaribie kidonda.

Pumzi

Mtu ameanguka na hajibu. Mgonge mabegani, muite kwa sauti. Akiwa kimya, inua kidevu chake, rudisha kichwa nyuma kidogo, uangalie kifua kwa muda usiozidi sekunde 10. Akipumua vizuri, mlaze ubavu ili matapishi yatoke nje, na usimpe chochote kinywani.

Hapa wengi hupotea. Mtu ambaye moyo wake umesimama anaweza kuendelea kutweta mara mojamoja, kama samaki aliyetolewa majini. Ndugu husema, "Bado anapumua," wakangoja. Huko si kupumua. Asiyejibu na asiyepumua kwa kawaida anahitaji kifua chake kibonyezwe sasa hivi.

Mlaze chali sakafuni, si kitandani, kwa sababu godoro humeza nguvu. Weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake. Nyoosha viwiko, bonyeza kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, kisha kiachie kiinuke chote. Kwa dakika moja iwe mara 100 hadi 120. Kila baada ya mara 30, aliyefundishwa humpulizia pumzi mbili. Hujui kupuliza, au hutaki? Endelea kubonyeza tu bila kukoma. Mbavu zikilia usishtuke. Kazi hii inachosha kuliko inavyoonekana, kwa hiyo pokezaneni kila baada ya dakika 2.

Kwa aliyetolewa majini, na kwa mtoto, tatizo kwa kawaida huanzia kwenye hewa. Anayejua kupuliza aanze na pumzi, ndipo abonyeze. Kifua cha mtoto kishuke theluthi moja ya unene wake. Kiganja kimoja hutosha.

Aliyepaliwa na nyama au andazi, akiweza kukohoa, mwache akohoe. Akishindwa kutoa sauti, muinamishe, mpige mara 5 kwa nguvu kati ya mabega, kisha simama nyuma yake ukumbatie tumbo juu ya kitovu na kulivuta ndani na juu mara 5. Rudia. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja habanwi tumbo: mlalishe kifudifudi mkononi, kichwa chini, umpige mgongoni mara 5, mgeuze, umbonyeze kifuani mara 5.

Jikoni

Sufuria ya chai iliyowekwa chini na mtoto anayejifunza kutembea havikai chumba kimoja. Akishaungua, dawa ni maji ya kawaida, yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20. Dakika 20 ni ndefu mtoto anapolia, ndiyo maana wengi huishia kwenye mbili. Maji yakiwa haba, kinga beseni chini, uyachote yaleyale. Barafu haifai. Vua shanga, bangili na pete kabla hajavimba. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiibandue. Mwili wote uliobaki ufunikwe, asije akapata baridi.

Dawa ya meno, ute wa yai, samli na unga hufungia joto na uchafu ndani, kisha muuguzi hulazimika kuvikwangua mtoto akiwa na maumivu. Funika kwa kitambaa safi. Jeraha linalozidi ukubwa wa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au lililo usoni, mikononi au sehemu za siri, ni la hospitali.

Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, usimtapishe wala usimpe maziwa. Akitapika, mafuta huingia kwenye mapafu, na hapo ndipo hatari ilipo. Mpeleke, na chupa nenda nayo.

Kifafa, nyoka na barabarani

Mwenye kifafa usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko mdomoni. Sogeza vitu vigumu, tazama saa; degedege likizidi dakika 5, hiyo ni dharura. Aliyeumwa na nyoka atulie, kiungo kisitikiswe. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba. Msimfukuze nyoka.

Aliyeanguka na bodaboda asivutwe mkono wala kukalishwa "apate hewa". Shingo inaweza kuwa imevunjika. Mmoja ashike kichwa pande zote mbili kisitikisike, na helmeti ibaki kichwani maadamu anapumua. Mkilazimika kumhamisha, mgeuzeni watu watatu au wanne kwa pamoja, mkimfuata aliyeshika kichwa. Fomu ya polisi ya majeruhi (PF3 kwa Tanzania) ndugu mwingine anaweza kuifuatilia kituoni huku majeruhi akipelekwa hospitali.

Mkifika, mwambieni muuguzi saa ya tukio, lililotokea, mliloliona mwilini na mlilolifanya. Yasiyojulikana msiyabuni.

Kusoma peke yake hakufundishi mikono. Ulizia mafunzo ya huduma ya kwanza katika ofisi ya Msalaba Mwekundu iliyo karibu nawe, na mwende wawili kutoka kila nyumba, kwani mmoja anaweza kuwa ndiye mgonjwa. Huko mtafanyia mazoezi kwenye mwanasesere maalumu. Mtu mwenye afya asibonyezwe kifua kwa mazoezi.