Mteja anasema tyubu ni feki? Omba picha kwanza

Mimi nauza spea za baiskeli mtandaoni, nipo Mkwajuni, Songwe. Ujumbe ninaoupata sana ni huu: "Tyubu yako feki, nirudishie hela."

Usibishane, na hela usirudishe haraka. Mwambie ajaze tyubu upepo, aizamishe kwenye beseni la maji, aangalie povu linatokea wapi. Kisha akupigie picha ya tundu.

👉 Tundu liko upande wa tairi: ni mwiba, waya au kipande cha chupa. Apapase ndani ya tairi taratibu akitoe, la sivyo hata tyubu mpya itatoboka palepale.

👉 Liko upande wa rimu: spoki imechomoza, au utepe wa rimu umehama.

👉 Matundu mawili yamekaa sambamba: upepo ulikuwa mdogo, mzigo mzito, akapiga jiwe, rimu ikaibana tyubu.

👉 Povu linatoka mdomoni mwa valvu: tyubu nzima, valvu ndiyo inavujisha. Aikaze au abadilishe.

👉 Tyubu mpya, haijafungwa hata kwenye baiskeli, inavuja kwenye maungio: hapo kosa ni la bidhaa. Mbadilishie bila maneno mengi.

Ukimrudishia hela kila anayelalamika, mtaji unakatika. Ukimkatalia kila mtu, wateja wanakimbia. Picha moja inawaokoa wote wawili, na mteja aliyeelewa sababu hurudi kununua tena.

Wewe unauza nini? Malalamiko gani unayapata sana? Tuambie hapo chini 👇