UTUNZAJI WA SHALI LA SUFU LILILOTARIZIWA KWA MKONO

Shali la sufu lililotariziwa kwa mkono ni mali ambayo mtu aweza kuwarithisha wanawe na wajukuu wake. Walakini mali hiyo yaweza kuharibika kwa muda wa nusu saa tu, ikitiwa katika beseni la maji ya moto na mtu asiyejua jinsi ilivyotengenezwa. Kwa hiyo yafaa kuijua kwanza asili yake, ndipo kujifunza utunzaji wake.

Mashali yaliyosifiwa sana tangu zamani hutoka Kashmir, kaskazini ya Bara Hindi. Sufu yake hupatikana kwa mbuzi wafugwao katika nyanda za Ladakh, mahali palipo juu ya bahari kwa mita 4,000 na zaidi. Kwa sababu ya baridi kali, mbuzi hao huota manyoya laini chini ya yale marefu. Baridi inapokwisha wafugaji huyachana kwa kitana. Sufu ya mbuzi mmoja haitoshi shali moja kubwa. Wanawake huisokota, wafumaji huifuma, kisha mafundi huitarizi kwa sindano. Shali lililojaa maua laweza kumchukua fundi mwaka mzima, au hata zaidi.

Heshima ya nguo hiyo si ya jana. Katika Mapatano ya Amritsar ya mwaka 1846, Maharaja Gulab Singh alikubali kuwapa Waingereza kila mwaka farasi mmoja, mbuzi wa sufu 12, na jozi 3 za mashali ya Kashmir. Huko Oman vilemba vilivyo bora hufanywa kwa sufu ya Kashmir iliyotariziwa, na katika pwani ya Afrika Mashariki kilemba cha namna hiyo huonekana kichwani mwa bwana arusi.

KUFUA. Kila unywele wa sufu una magamba madogo mfano wa magamba ya samaki, yasiyoonekana kwa macho. Maji ya moto na kusugua huyafanya yashikamane. Ndipo shali hurudi likawa dogo na gumu, na jambo hilo halina dawa. Kabla ya kufua, lowesha kitambaa cheupe, ukibonyeze juu ya nyuzi za tarizi upande wa ndani. Rangi ikitoka, usilifue. Mpelekee dobi ajuaye kusafisha nguo pasipo maji. Isipotoka, tumia maji ya baridi na sabuni laini kidogo. Libonyeze taratibu kwa viganja, usilisugue wala kulikamua. Ukiisha kulisuuza, liviringe ndani ya taulo ili maji yanyonywe, kisha ulitandaze kivulini. Usilitundike kambani, maana uzito wa maji hulivuta likapoteza umbo lake. Likihitaji pasi, lipigwe upande wa ndani kwa pasi isiyo kali, na kitambaa chenye unyevu kikiwa juu yake.

KUHIFADHI. Adui mkubwa wa sufu ni nondo. Si nondo arukaye alaye nguo, bali ni viwavi watokao katika mayai yake. Hao hupenda giza, mahali pasipoguswa, na hasa sufu yenye jasho au mabaki ya chakula. Basi shali lisiwekwe kamwe likiwa chafu. Likunjwe ndani ya kitambaa safi cha pamba, lisifungwe katika mfuko wa plastiki kwa muda mrefu, kwani unyevu huzaa ukungu. Kila baada ya majuma machache litolewe, likung'utwe, lipigwe upepo kivulini, na likunjwe upya kwa mikunjo mingine ili lisikatike mahali pamoja. Karafuu au majani makavu ya mwarobaini yaweza kuwafukuza baadhi ya nondo, lakini hayaui viwavi. Vidonge vya naftalini vina sumu. Visigusane na nguo, na viwekwe mbali na watoto.

KUTILILIA. Mwenye shali alichunguze mwangani kila alitoapo. Akiona tundu, hata likiwa dogo kama punje ya mtama, asivute uzi uliolegea wala kuukata, bali alitililie mara moja kwa uzi mwembamba wa sufu, au ampe fundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi iliyomgharimu fundi mwaka mzima yastahili saa moja ya uangalifu wa mwenye nguo.