Maji Yameingia Nyumbani? Jinsi ya Kuajiri Fundi na Kumlipa kwa Simu Bila Kupoteza Pesa

Mvua ya masika ya mwaka 2024, kuanzia Machi hadi Mei, iliacha kumbukumbu mbaya. Zaidi ya watu 200 walipoteza maisha nchini. Kutoka Mathare na Mukuru hadi Athi River na Kitengela, familia nyingi zilirudi nyumbani zikakuta matope sebuleni, magodoro yameloa, na ukutani kuna mstari unaoonyesha mahali maji yalifika. Na si lazima mto uvunje kingo. Bomba likipasuka usiku au tenki la juu likifurika mkiwa mmesafiri, hasara ni ile ile.

Wakati kama huo fundi hutafutwa mbio, na pesa hutumwa mbio zaidi. Hapo ndipo watu wengi hupata hasara ya pili: fundi anapokea malipo yote, anafanya kazi nusu, kisha simu yake haishikwi tena. Somo hili litakuonyesha namna ya kupanga kazi na malipo ili kila shilingi unayotuma ilipie kitu unachokiona.

1. Kabla hujampigia fundi yeyote

Anza na stima. Kama swichi kuu inafikika bila kukanyaga maji, izime. Kama iko ndani ya maji, usiingie. Piga simu Kenya Power kwa nambari 97771 na uwaweke watoto mbali. Usiwashe friji, TV au pasi "kujaribu tu" kabla fundi wa stima hajakagua nyaya.

Pili, piga picha na video kabla ya kufagia chochote. Onyesha kuta, sakafu, dari, fanicha na kina cha maji. Kama una bima ya nyumba, ijulishe kampuni mapema na uulize kama mafuriko yamo kwenye mkataba wako. Usitupe vitu vilivyoharibika kabla hawajakuambia.

Tatu, uliza nani atalipa. Kama wewe ni mpangaji, ongea na mwenye nyumba au keateka kwanza. Kuta, nyaya na mabomba ni mali ya mwenye nyumba. Akikuambia, "Wewe rekebisha, tutakata kwa kodi," mwambie akutumie maneno hayo kwa SMS, yakiwa na kiasi mlichokubaliana. Ahadi ya mdomo husahaulika siku kodi inapodaiwa.

Halafu toa maji, ondoa mazulia na magodoro, na ufungue madirisha. Kuvu huweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 mahali penye unyevu, kwa hivyo usingoje fundi ndio uanze kukausha. Kama maji yalichanganyika na ya choo, vaa glavu na gambuti. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

2. Kila kazi ina fundi wake na zamu yake

Jihadhari na mtu anayesema anafanya kila kitu na atamaliza kesho. Kazi hii ina mpangilio:

- Fundi wa mabomba huziba chanzo cha maji, hukagua mifereji na kuhakikisha shimo la choo halirudishi uchafu. Kama una tenki la chini ya ardhi na maji machafu yaliingia, lisafishwe kabla ya kutumika.
- Wasafishaji huondoa matope, huosha kwa dawa na kutoa vitu visivyookoleka. Ubao wa kubanwa, dari ya jipsamu na godoro vikishanyonya maji machafu, mara nyingi ni vya kutupa.
- Fundi wa stima hukagua soketi, nyaya na kisanduku cha fyuzi kabla umeme haujarudishwa.
- Seremala na fundi wa plasta hurekebisha milango iliyovimba na plasta iliyobambuka.
- Fundi wa rangi huja mwisho kabisa.

Huyu wa mwisho ndiye hugharimu watu pesa mara mbili. Ukuta wa mawe hunyonya maji mengi na unaweza kuhitaji wiki kadhaa kukauka, hasa kama mvua bado inanyesha. Ukipakwa rangi mapema, unyevu unafungiwa ndani, na baada ya muda rangi inatoka kama maganda. Kuna jaribio rahisi: bandika kipande cha nailoni safi ukutani, ziba kingo zote kwa utepe, ukiache hadi kesho yake. Ukikuta matone ya maji upande wa ndani, mwambie fundi wa rangi asubiri.

3. Mkague fundi kabla ya pesa kutoka

Fundi wa stima anafaa kuwa na leseni ya EPRA. Mwombe akuonyeshe, na uangalie kama jina linalingana na kitambulisho. Kwa kazi kubwa kama kujenga ukuta upya au kuinua msingi, uliza kama mkandarasi amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA.

Kwa kazi ndogo, uliza majirani. Omba nambari za wateja wawili aliowafanyia kazi karibuni, na uwapigie kweli. Tafuta bei kutoka kwa mafundi wawili au watatu, na kila mmoja aje aone nyumba. Bei ya kukisia kwa simu hubadilika akishafika. Na bei ikiwa chini sana kuliko nyingine zote, uliza ni kazi gani ameiacha nje.

4. Andikeni, hata kama ni ukurasa mmoja

Karatasi iwe na majina yenu na nambari za vitambulisho, orodha ya kazi, siku ya kuanza na kumaliza, bei ya ufundi, na nani ananunua vifaa. Andikeni pia nambari ya simu au till itakayopokea malipo. Msisahau ile "na ya kutolea": kubalianeni mapema nani anagharamia ada ya kutoa pesa. Ni kitu kidogo, lakini kimeleta ugomvi mara nyingi.

5. Lipa kwa hatua

Tenganisha pesa ya vifaa na pesa ya ufundi. Kwa vifaa, fundi akupe orodha, nawe ulipe duka la hadiwea moja kwa moja kupitia till yao, kisha uchukue risiti. Hivyo saruji uliyolipia ni saruji iliyofika.

Kwa ufundi, tuseme mmekubaliana Sh40,000. Unaweza kugawa hivi:

- Sh8,000 fundi akifika na kuanza kazi.
- Sh12,000 usafi ukikamilika na plasta mbovu ikiwa imetolewa.
- Sh12,000 stima ikishakaguliwa na plasta mpya kuwekwa.
- Sh8,000 wiki mbili baada ya kumaliza, mkishahakikisha hakuna panapovuja.

Hizi ni takwimu za mfano. Cha muhimu ni kwamba pesa uliyotuma isizidi kazi iliyokwisha kuonekana. Usifinye fundi pia. Ana vibarua wa kulipa kila jioni, na hatua ikikamilika mtumie siku hiyo hiyo. Fundi anayelipwa kwa wakati hana sababu ya kukimbilia kwa mteja mwingine.

Kila ukilipa, soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Kama si jina lililo kwenye makubaliano, simama. Hifadhi ujumbe wa kila malipo na uandike msimbo wake kwenye karatasi yenu, kando ya hatua uliyolipia.

6. Mbinu za matapeli msimu wa mafuriko

- "Ile pesa ya fundi tuma kwa nambari hii." Ujumbe huu hutumwa kwa watu wengi kwa kubahatisha. Mpigie fundi kwa nambari unayoijua na usikie sauti yake.
- "Lipa ada ya usajili upate msaada wa mafuriko." Anayekudai pesa kwanza ndiyo akupe msaada, mwache. Uliza kwa chifu au kwa Msalaba Mwekundu, nambari 1199, ambayo haikutozi.
- "Nimekutumia zaidi kimakosa, nirudishie." Angalia salio lako kwanza. Ujumbe unaweza kughushiwa, salio haliongopi.
- "Sisi ni huduma kwa wateja, tupe PIN." Hakuna mhudumu wa kweli atakayekuomba PIN, hata uwe na shida ya aina gani.

7. Mambo yakienda mrama

Ukikosea nambari, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, kabla aliyepokea hajatoa pesa. Lakini elewa hili vizuri: huduma ya kurudisha pesa ni ya kosa la nambari. Haiwezi kuamua kama plasta imewekwa vibaya. Ndiyo maana kulipa kwa hatua kunakulinda kuliko kitu kingine chochote.

Fundi akikataa kumaliza, mwandikie SMS umpe siku ya mwisho. Asipotii, unaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000. Unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Beba makubaliano, picha za kabla na baada, na taarifa ya malipo yako ya simu. Kama pesa ilichukuliwa kwa ulaghai, piga ripoti polisi pia.

Kabla ya kubonyeza "Tuma", jiulize:

1. Je, hatua ninayolipia nimeiona kwa macho?
2. Jina lililotokea ni lile lililo kwenye makubaliano?
3. Nikituma hii, kuna pesa iliyobaki ya kumaliza kazi?

Ukijibu ndiyo kwa yote matatu, tuma. Ukikosa jibu la hata moja, ngoja kidogo. Ukuta wenyewe bado unakauka.